Niende nikapige muziki wa wengine, au nibaki nitunge wangu?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 31, mzaliwa wa Old Moshi. Kazi yangu ni kupiga chelo, kile chombo cha nyuzi nne kinachofanana na fidla kubwa, ambacho mpigaji hukaa kitini na kukishika kati ya magoti. Nilianza nikiwa darasa la sita katika usharika wetu, ambako mwalimu wa kujitolea kutoka Ujerumani alikuwa akiwafundisha watoto wa kwaya fidla na chelo kila Jumamosi. Baadaye nilipata ufadhili wa kwenda kusoma muziki hukohuko Ujerumani. Ufadhili ulilipa ada na malazi tu, kwa hiyo marehemu baba aliuza ng'ombe wawili ili nauli na vitu vya kuanzia maisha vipatikane. Nilihitimu, nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, kwa sababu nilitaka kutunga muziki wa chelo unaotoka huku kwetu.

Tangu nirudi, maisha yangu ni haya. Jumatatu hadi Jumatano nafundisha watoto katika shule mbili za binafsi hapa Moshi. Alhamisi napanda Coaster kwenda Arusha, ambako napiga hotelini wakati wa chakula cha jioni, na Jumamosi mara nyingi kuna harusi. Narudi Jumapili jioni. Wageni wanataka nyimbo za filamu na vipande wanavyovijua tayari, nami nawapigia, kwa kuwa fedha hiyo ndiyo inayonunua dawa za presha za mama. Kutunga nafanya usiku mama akishalala, nikiwa nimebana kipande cha mpira juu ya kijiti kinachobeba nyuzi ili sauti isivuke kwenda chumba cha pili.

Nimekamilisha kazi nne. Tatu niliziandika nikiwa masomoni, na walimu wangu walizisifu, ingawa nikizisikiliza leo nasikia sauti zao zaidi ya yangu. Ya nne niliiandika hapa nyumbani. Ni ya chelo na sauti za akina mama 12 wa kwaya yetu, na inachukua dakika 22. Niliijenga kwa kufuata namna akina mama wanavyoanza kuitikiana chini kwa chini msibani, kabla kiongozi hajaanzisha wimbo. Tuliipiga mara moja tu, katika ukumbi wa usharika. Watu walikaa kimya, lakini katikati mama mmoja aliyekuwa safu ya mbele alimwuliza mwenzake wimbo wenyewe utaanza saa ngapi. Nilimsikia kutoka pale nilipokaa. Tangu siku ile sijaandika hata mstari mmoja mpya.

Mwaka huu nilifanya usaili, na nimepewa nafasi katika kundi la chelo la okestra moja ya Ujerumani. Mkataba ni wa miaka miwili, wa kwanza ukiwa wa majaribio. Mshahara ni mzuri kuliko chochote nilichowahi kupata. Mkataba unasema kwamba kazi yoyote ya nje ya okestra lazima iombewe ruhusa. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayesimamia mambo ya nyumbani tangu baba afariki, anasema niende, kwa kuwa riziki haichezewi, na kwamba kutunga nitatunga nikishastaafu. Mama hasemi kitu. Nikimwuliza ananiambia nimsikilize kaka yangu. Rafiki yangu mmoja mwanamuziki anasema wanaoondoka humezwa. Pia nina mwanafunzi wa miaka 11 ambaye sijui nitamwachia nani. Na nisisahau kusema kwamba mkono wa kushoto, karibu na kidole gumba, umekuwa ukiniuma usiku tangu mwaka jana, ila nadhani ni uchovu tu.

Najiona mwenye deni kwa baba. Nikienda nitakuwa mpigaji wa muziki wa watu waliokufa zamani. Nikibaki nitakuwa mtunzi, lakini katika nchi ambayo chombo hiki hakina wenyewe. Nifanye nini, Mama?

Mpiga Chelo, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na hongera kwa kuushinda usaili ambao, kama ulivyo utaratibu wa okestra nyingi za Ujerumani, yawezekana hatua zake za kwanza ulizipiga nyuma ya pazia, waamuzi wakisikia chelo yako bila kujua wewe ni nani wala umetoka wapi. Hilo umelipita haraka mno katika barua yako. Naomba tulitambue kabla ya mengine.

Kama nimekuelewa, unaliona jambo lako kuwa njia panda yenye njia mbili: ukienda Ujerumani utapata fedha na kupoteza utunzi, ukibaki Moshi utapata utunzi na kukosa fedha. Juu ya hapo kuna deni la baba, sauti ya kaka, kimya cha mama, na mtoto unayemfundisha. Nitayagusa yote kadiri nafasi inavyoruhusu, lakini kwanza nikuulize kuhusu hizo njia mbili zenyewe, kwa maana barua yako yenyewe inazionyesha tofauti na unavyoamini.

Umeandika kwamba kazi tatu kati ya nne ulizitunga ukiwa mbali. Hapa nyumbani, mahali ulipoparudia kwa ajili ya kutunga, umekamilisha moja, na sasa umesimama. Sisemi hivyo kukulaumu. Kazi hiyo moja, kwa namna ulivyoieleza, ndiyo pekee unayoisikia kuwa yako, na huenda isingezaliwa kama usingekaa tena miongoni mwa akina mama wale. Lakini ukiniambia kwamba kubaki ndiko kutunga, nitakuuliza: kutunga saa ngapi? Alhamisi hadi Jumapili uko Arusha au barabarani, siku tatu nyingine uko darasani, na usiku unaobaki unapiga chelo iliyofungwa mdomo. Kinachokula utunzi wako kwa sasa si Ujerumani.

Upande wa pili nao haujanyooka. Yupo Luigi Boccherini, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1743 na kufariki Madrid mwaka 1805, ambaye alikuwa mpiga chelo na mtunzi kwa wakati mmoja, tena akiwa mwajiriwa. Mwajiri wake nchini Hispania, Don Luis, ndugu wa mfalme, alikuwa tayari na kikundi cha wapigaji wanne. Boccherini akaandika muziki wa watu watano, ili naye apate kiti kati yao na chelo yake, na akaendelea hivyo hadi vipande vya aina hiyo vikapita 100. Ajira yake ndiyo iliyomwamulia atunge kwa ajili ya vyombo gani. Yupo pia Dvořák, Mcheki, ambaye hakuwa mpiga chelo, lakini aliandika konserto ya chelo, yaani kazi ya chelo ikisindikizwa na okestra, inayopendwa sana hadi leo. Aliiandika New York kati ya mwaka 1894 na 1895, akiwa mkuu wa chuo cha muziki na akiwa na hamu kubwa ya kwao. Aliporudi kwao Bohemia, shemeji yake Josefina, ambaye Dvořák alimpenda katika ujana wake, akafariki, na Dvořák akauandika upya mwisho wa kazi ile. Kwa hiyo sehemu kubwa ilitungwa ugenini, na mwisho wake ukapatikana nyumbani. Na katika siku zetu, Abel Selaocoe wa Afrika Kusini alikwenda kusoma Manchester, na leo anapiga chelo, anaimba kwa lugha za kwao na kutunga, yote katika onyesho moja.

Nawataja hawa si ili nikusukume kupanda ndege. Boccherini na Dvořák walikuwa na nafasi ambazo mpiga chelo wa safu ya nyuma katika okestra hapewi. Rafiki yako naye hakosei kabisa anaposema watu humezwa: mazoezi asubuhi, onyesho jioni, programu ya wiki ijayo ikisubiri kusomwa, na mtu anaamka miaka imepita hajaandika kitu. Tena kuna mwaka wa majaribio, ambao katika okestra nyingi za Ujerumani huishia kwa wenzako wa kundi kupiga kura kama ubaki au uondoke. Mwaka wa namna hiyo si wa kutunga kwa utulivu. Ninachotaka uone ni kwamba maswali yako hasa ni mawili: nitapata wapi saa za kutunga, na nitamtungia nani asikie. Kila mahali pana jibu lake kwa maswali hayo, na pana gharama yake.

Nije sasa kwenye jambo lililonigusa kuliko yote, yaani lile swali la mama wa safu ya mbele. Umelibeba kama hukumu. Mimi nilipolisoma, nilimwona mtu ambaye alikuwa anasikiliza. Katika sharika zetu wimbo una beti, una maneno, una mahali pa kuingia wote, na watu hukaa wakisubiri mahali pao. Ulichowapa kilikuwa ule muda unaotangulia wimbo, ukarefushwa hadi dakika 22. Mama yule alikuwa amekielewa kipande chako pengine kuliko alivyojua mwenyewe: alisikia kwamba wimbo uko karibu kuanza, na huo ndio muziki uliokusudia kuuandika. Je, kuna mtu aliyesimama kabla ya onyesho akawaeleza wasikilizaji watakachosikia? Je, mliongea baada ya hapo? Kuna pia kitu ambacho hakimo katika barua yako na ambacho nilikitafuta sana. Umeninukulia maneno ya mtu mmoja aliyekaa mbele, lakini hukusema neno lolote kuhusu wale akina mama 12 walioimba. Walijifunza kazi ngumu isiyo na beti, walihudhuria mazoezi baada ya shughuli za shamba na soko, wakasimama nawe hadi mwisho. Wao walisema nini? Kama hukuwauliza, nakusihi uwaulize kabla hujaamua lolote, kwa sababu wao ndio wasikilizaji wa kwanza wa muziki wako na wanaujua kutoka ndani.

Nataka pia kukuuliza kuhusu hayo maneno kwamba chombo hiki hakina wenyewe hapa. Vikundi vya taarab vya Unguja, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, vimezoea fidla, chelo na besi kwa miaka mingi, na wapigaji wake hawajioni wageni wa vyombo hivyo. Wagogo wa Dodoma wanapiga zeze kwa upinde, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilizungusha zeze duniani na maskani yake yakabaki Bagamoyo. Karibu nawe zaidi, pale Usa River, unapopita kila Alhamisi ukiwa ndani ya Coaster, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, ambacho kina shahada ya muziki na wanafunzi wanaosoma nota. Umewahi kushuka pale? Sisemi kuna kazi inayokusubiri. Nasema kuna watu wa kuongea nao kuhusu utunzi, na mtunzi anayeandika peke yake usiku bila mwenzake wa kumwonyesha ukurasa huchoka mapema. Nairobi nako kuna okestra ya wenyeji, na kwa barabara ya Namanga si mbali na Arusha, ingawa najua safari, hati za chelo mpakani na gharama za kulala vitaingia palepale kwenye fedha za dawa za mama.

Ukiamua kubaki, basi, usibaki na ratiba hii ileile. Hoteli siku mbili badala ya nne ingekupa asubuhi za kuandika chelo ikiwa wazi, lakini ingepunguza kipato, na hapo kaka yako atakuwa na haki ya kuuliza pengo litazibwa na nani. Hesabu hiyo ifanye kwenye karatasi, pamoja naye, kabla hamjazungumza habari ya vipaji na ndoto.

Ukielekea kwenda, mkataba usiusaini kwa kuufurahia mshahara. Waandikie uwaulize mambo kadhaa kwa uwazi. Je, kutunga muziki kwa jina lako kunahesabiwa kuwa kazi ya nje inayohitaji ruhusa, au ni kufundisha na kupiga kwingine tu? Je, ruhusa hiyo huombwa mara moja au kwa kila kazi? Kazi utakazotunga ukiwa kwao zitabaki zako? Okestra za huko zina pia nafasi za muda pungufu, ambapo mtu hupiga nusu au robo tatu ya vipindi kwa mshahara unaolingana, na si vibaya kuuliza kama hilo linawezekana mwaka wa majaribio ukishapita. Unaweza hata kuomba kuanza miezi michache baadaye. Hatari ya kuomba iko wazi, kwamba wanaweza kukataa na, wakiwa na mtu wa pili kwenye orodha, wasiwe na subira. Kwa hiyo omba kile tu ambacho bila hicho usingeweza kwenda. Vilevile jiandae kwa hali ya hewa, wewe na chelo. Vyumba vyenye joto la mashine wakati wa baridi hukausha hewa, na mbao nyembamba za chelo hupasuka. Mwili wa mtu wa Moshi nao unaijua vizuri miezi ile ya jua kuzama saa kumi jioni, kwa kuwa ulikwisha kuishi huko.

Vyovyote utakavyoamua, kazi zako nne zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, zikasajiliwe. Sheria yetu ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ulinzi huo upo hata bila usajili, lakini karatasi ya usajili ni ushahidi mzuri siku ikitokea mtu wa kubishana.

Sasa mkono. Mwanangu, umeuweka mwishoni, baada ya kila mtu mwingine. Maumivu karibu na kidole gumba cha kushoto, yanayokuja usiku, kwa mtu anayepiga chelo karibu kila siku ya wiki na kisha kuendelea usiku, hayapaswi kuitwa uchovu hadi mtaalamu aseme hivyo. Kidole gumba hicho ndicho kinachokaa nyuma ya shingo ya chelo, na ukipanda juu kwenye sauti nyembamba ndicho kinacholala juu ya nyuzi na kuzikandamiza. Hospitali ya KCMC ina idara ya mazoezi ya viungo, nawe uko Moshi. Nenda, tena nenda na chelo yenyewe, ukae upige mbele yao, waone bega, kiwiko na kifundo cha mkono vinavyofanya kazi, maana jeraha la mpigaji mara nyingi haliko pale panapouma. Hili silo la kusubiri mwisho wa mwezi ujao, kwa sababu kuingia mwaka wa majaribio na mkono unaouma ni kuhatarisha nafasi na mkono kwa pamoja, na kubaki hotelini na mkono huohuo si salama zaidi.

Kuhusu nyumbani. Baba yako aliuza ng'ombe ili usome muziki, nawe umesoma, umehitimu, umerudi, na unanunua dawa za mama yako kwa chelo. Mimi sioni ni kipi hapo ambacho hakijalipwa, ila najua moyo wa mtoto huwa na hesabu yake, na sitajifanya naweza kuifuta kwa barua. Ninachokuomba ni usiliache deni hilo liamue kwa niaba yako, kwa sababu linaweza kutumika kukusukuma pande zote mbili: uende ukatume fedha, au ubaki umtunze mama. Kaka yako anaposema riziki haichezewi, anabeba nyumba nzima mabegani na nadhani anaogopa zaidi ya anavyoonyesha. Msikilize kwa heshima. Lakini kuhusu kutunga ukistaafu, mwambie kwa upole kwamba kutunga kunahitaji kufanywa mara kwa mara kama kupiga kwenyewe, na anayeacha kutunga kwa miaka mingi hawezi kurudi na kuanzia pale alipoishia.

Na mama. Anaposema msikilize kaka yako, huenda anaheshimu utaratibu wa nyumba, huenda anaogopa kukuzuia, huenda kweli hana la kusema. Kutoka hapa Arusha siwezi kujua, na naona nawe hujui. Tafuta asubuhi ambayo kaka yako hayupo, mkiwa mnachambua maharage au mnakatia ng'ombe majani, umwulize kwa Kichaga, bila kumwuliza kama uende au ubaki. Mwulize angependa umpigie simu mara ngapi kama ungekuwa mbali, na nani amsindikize kliniki ya presha. Majibu ya maswali madogo ya namna hiyo yatakuonyesha anachokiwaza, na yatakusaidia kupanga hata kama hatakwambia neno moja la moja kwa moja.

Mwanafunzi wako wa miaka 11 anahitaji kujua mapema, si siku ya mwisho. Ukiondoka, wale wanafunzi wa Makumira ni mahali pa kwanza pa kumtafutia mwalimu, na somo moja kwa mwezi kwa simu ya video linaweza kumshikilia, ingawa kwa kidole kilichokaa vibaya kwenye uzi hakuna simu inayofanya kazi ya mkono wa mwalimu.

Muda ulio nao unatosha kwa haya: hospitali kwanza, barua ya maswali kwenda Ujerumani wiki hii, kisha akina mama 12 na mama yako mwenyewe. Majibu ya okestra yakifika na kuna kifungu usichokielewa, kipeleke kwa mwanasheria anayejua mikataba ya kazi kabla ya kusaini, nami niandikie tena ukipenda, hasa kunieleza walichosema walioimba.

Mama Mshauri, Arusha